Baada ya Kura ya La: Harakati za Watu Wenye Ulemavu na Lugha ya Ishara Nchini Kenya, 2005–2010

Ikisiri

Makala hii inachunguza kipindi cha miaka mitano katika historia ya Kenya, tangu wananchi walipoikataa rasimu ya katiba mnamo Novemba 2005 hadi Katiba mpya ilipozinduliwa Agosti 2010. Swali lake ni hili: ilikuwaje vifungu kuhusu watu wenye ulemavu na lugha ya ishara, vilivyoanguka pamoja na rasimu nzima, vikarejea katika Katiba iliyopitishwa? Makala inajenga hoja kwamba vifungu hivyo vilinusurika kwa sababu kazi iliyovitegemeza haikuwa imewekwa yote katika kura moja. Ilikuwa imegawanywa kati ya sheria ya kawaida, mkataba wa kimataifa, utafiti wa lugha na maandishi ya rasimu zenyewe. Makala inahitimishwa kwa kuangalia maana ya historia hiyo kwa Uganda na Tanzania, na kwa taaluma ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni kuamua kama waikubali rasimu ya katiba iliyokuwa mbele yao. Alama ya kukubali ilikuwa ndizi na ya kukataa ilikuwa chungwa. Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58 ya kura. Siku mbili baadaye Rais Mwai Kibaki alilivunja baraza lake la mawaziri, na upande ulioshinda ukazaa vuguvugu la kisiasa lililobeba jina la tunda hilo.

Wanahistoria wa siasa wameieleza kura hiyo kwa kuzingatia mambo yaliyoigawa nchi: mamlaka ya rais, ugatuzi, ardhi, mahakama za kadhi, na mfarakano ndani ya muungano wa NARC ulioingia madarakani mwishoni mwa 2002. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, yanaacha kando jambo moja. Kura ya maoni haimpi mpiga kura nafasi ya kuchagua vifungu. Humtaka aikubali rasimu yote au aikatae yote. Aliyeikataa kwa sababu ya mamlaka ya rais alikikataa pia, kwa kura ileile, kifungu kilichoitaka dola ikuze lugha ya ishara. Kifungu hicho hakikuwa na wapinzani wakubwa, wala hakikuwa na kura yake. Kilianguka kwa sababu kilipanda chombo kimoja na mambo mengine.

Hali hii ndiyo inayoitwa hapa kuvunjika moyo kisiasa: si kushindwa kwa hoja ya mtu, bali kuona hoja yake ikizama katika ugomvi usiokuwa wake. Ni hali inayojirudia katika ukanda wetu, na washauri wa sera huikuta kila mara mchakato mkubwa unapokwama. Ndiyo sababu inafaa kuuliza, kwa ushahidi wa historia, ni kazi gani iliyoendelea baada ya siku ile, na ipi kati ya hiyo ilizaa matunda.

2.0 Usuli: kutoka hisani hadi haki

Harakati za watu wenye ulemavu nchini Kenya hazikuanza na mijadala ya katiba. Chama cha wasioona nchini humo kilianzishwa mwaka 1959, kabla ya uhuru, na mwaka 1964 wasioona waliingia katika barabara za Nairobi kuitaka serikali changa iwasikilize. Tukio hilo lina uzito, kwa sababu linakanusha dhana kwamba fikra ya haki ililetwa na wafadhili katika miaka ya 1990. Waliokwenda barabarani mwaka 1964 hawakuwa wakiomba sadaka. Walidai kutambuliwa kama raia wa dola mpya.

Kwa upande wa viziwi, shule za Nyang'oma na Mumias zilifunguliwa mwaka 1961. Kama ilivyokuwa katika nchi nyingi wakati huo, elimu ya viziwi ilitawaliwa na imani kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusoma midomo na kutamka maneno, na kwamba mikono yake itulizwe. Lugha ya ishara ilikua katika mabweni na viwanja vya michezo, nje ya macho ya mwalimu. Historia hiyo haina budi kukumbukwa: lugha ambayo baadaye iliingia katika Katiba ilikuwa imeishi kwa miaka mingi kama lugha ya mafichoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 vyama vya watu wenye ulemavu mbalimbali viliungana katika shirikisho moja la kitaifa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1993 Mwanasheria Mkuu aliunda jopo la kupitia sheria zinazowahusu watu wenye ulemavu. Muongo mmoja ulipita kabla Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Nambari 14 ya 2003, haijapitishwa. Hivyo, mchakato wa katiba ulipopamba moto, harakati hizi zilikuwa zimekwisha kujifunza kungoja bila kuacha kazi.

3.0 Kilichoanguka mwaka 2005

Tume ya Kurekebisha Katiba, chini ya uenyekiti wa Profesa Yash Pal Ghai, ilikusanya maoni nchini kote na kutoa rasimu yake mwaka 2002. Mkutano wa Kitaifa wa Katiba ulifanyika Bomas of Kenya kuanzia Aprili 2003 hadi Machi 2004, na watu wenye ulemavu walikuwa miongoni mwa makundi yaliyowakilishwa. Rasimu ya Bomas ilikuwa na kifungu mahususi kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Katika sehemu ya lugha, iliitaka dola ikuze lugha za kiasili, lugha ya ishara na maandishi ya breli.

Rasimu hiyo ilifanyiwa marekebisho kabla ya kufikishwa kwa wananchi, na toleo lililopigiwa kura likajulikana kwa jina la Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako. Mabadiliko yaliyozua ghadhabu yalihusu muundo wa mamlaka. Vifungu vya ulemavu havikuwa uwanja wa vita.

Kutokuwa uwanja wa vita kulikuwa na faida na hasara. Hasara ni kwamba jambo lisilobishaniwa halina anayelitetea katika mikutano ya hadhara. Hakuna mwanasiasa aliyeipigia debe rasimu kwa kutaja breli. Faida ilionekana baadaye. Jambo lisilobishaniwa halibebi kovu la ugomvi. Kila upande ungeweza kulirudia bila kuonekana kwamba umesalimu amri.

4.0 Miaka ya kungoja, 2005–2009

4.1 Sheria na Baraza

Kura ya 2005 haikuigusa Sheria ya 2003, iliyoanza kutumika Juni 2004. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa chini ya sheria hiyo, liliendelea na kazi yake. Sheria yenyewe ilikuwa na mapungufu: baadhi ya vifungu vyake vizito havikuanza kutumika pamoja na vingine, na vingine vilikosa nguvu ya kumwadhibu anayevikiuka. Hata hivyo, ilikuwa imejenga jambo ambalo rasimu ya katiba haikuwa nalo, yaani ofisi, daftari na watumishi. Wanaharakati walioshindwa katika kura walikuwa bado na mahali pa kwenda kesho yake asubuhi.

4.2 Uwanja wa kimataifa

Wakati Kenya ikiumana juu ya rasimu, kamati maalumu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa ikijadili Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo ulipitishwa na Baraza Kuu tarehe 13 Desemba 2006. Kenya ilitia saini tarehe 30 Machi 2007, siku ulipofunguliwa, na kuuridhia Mei 2008.

Tarehe hii ya mwisho inahitaji kutazamwa kwa makini. Mei 2008 ilikuwa chini ya miezi mitatu tangu Mapatano ya Kitaifa ya tarehe 28 Februari yaliyokomesha ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizoua watu zaidi ya elfu moja. Katika mazingira hayo kuridhia mkataba kungeweza kudhaniwa kuwa jambo la makaratasi. Lakini Ibara ya 2 ya Katiba ya 2010 ilikuja kutamka kwamba mkataba wowote uliokwisha kuridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za nchi. Mkataba ambao ungeweza kulala katika kabati la wizara ukageuka kuwa sheria ya ndani. Pamoja nao iliingia fasili yake ya lugha, inayozihesabu lugha za ishara sawa na lugha za kusemwa.

4.3 Kazi ya lugha

Uwanja wa tatu ni ule unaotuhusu zaidi sisi wanaisimu. Kukusanya msamiati wa ishara, kuelezea sarufi yake na kuwafunza wakalimani ni kazi isiyongoja kura ya maoni. Ni kazi ya polepole na haipigiwi makofi. Lakini dola haiwezi kuikuza lugha ambayo hakuna aliyeieleza. Laiti Katiba ingeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya pasipokuwa na utafiti wala mkalimani, kifungu kingebaki maneno matupu tangu siku ya kwanza.

Jina lenyewe la lugha ni ushahidi. Sehemu ya lugha katika Rasimu ya Bomas ilizungumzia lugha ya ishara kwa ujumla. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina lake mahususi. Tofauti hiyo si ya mapambo. Kuitaja kwa jina mahususi ni kukiri kwamba ni lugha yenye jamii yake, wala si njia ya jumla ya kuashiria. Ukiri wa namna hiyo hutokana na ushahidi uliorundikwa kwa miaka.

4.4 Maandishi yaliyokwisha kuandaliwa

Sheria ya mapitio ya katiba ya mwaka 2008 iliitaka Kamati ya Wataalamu, iliyoongozwa na Nzamba Kitonga, itumie rasimu zilizokuwapo na kutenganisha masuala yenye ubishi na yale yaliyokwisha kukubaliwa. Hapo ndipo faida ya kutobishaniwa ilipodhihirika. Vifungu vya ulemavu havikuhitaji kubuniwa upya wala kutafutiwa maridhiano mapya. Vilikuwa vimekwisha kuandikwa, kujadiliwa na kukubaliwa, ingawa vilizama na chombo kilichovibeba.

5.0 Kilichopatikana, na mwiba wake

Tarehe 4 Agosti 2010 takriban asilimia 67 ya wapiga kura waliikubali Katiba mpya, nayo ikazinduliwa tarehe 27 ya mwezi huohuo. Ibara ya 7 inaitaka dola ikuze matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya na breli. Ibara ya 120 inaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ibara ya 54 inatoa haki ya elimu, ya kufika mahali pa umma, ya habari na ya vifaa saidizi. Ibara ya 98 inatenga viti viwili katika Seneti.

Mtu anaweza kupinga hoja ya makala hii kwa kusema kwamba Katiba ilizaliwa na mgogoro wa 2007–2008, na kwamba watu wenye ulemavu walikuwa abiria tu katika safari ya wengine. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mlango haukufunguliwa na harakati za watu wenye ulemavu. Lakini historia ya michakato ya katiba imejaa milango iliyofunguka kwa muda mfupi na kufungwa kabla waliokuwa nje hawajakusanya virago vyao. Mgogoro unaeleza kwa nini mlango ulifunguka. Hauelezi kwa nini vifungu hivi vilikuwa tayari kupita. Methali ya mvumilivu hula mbivu nayo haitoshi hapa. Waliokula mbivu mwaka 2010 hawakuwa wamekaa chini ya mwembe, walikuwa wakiupalilia.

Mwiba uliomo katika ushindi huo ni maneno ya Ibara ya 54 yanayoitaka dola ihakikishe, hatua kwa hatua, kwamba angalau asilimia tano ya wajumbe katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa ni watu wenye ulemavu. Maneno "hatua kwa hatua" yanampa mtekelezaji nafasi ya kutokwenda popote. Ugumu wa kanuni za namna hii ulionekana katika suala la jinsia. Mahakama ya Juu, katika ushauri wake wa Desemba 2012, ilisema kanuni ya theluthi mbili ingetimizwa Bungeni kwa hatua, ikaweka mwisho kuwa Agosti 2015. Tarehe hiyo ilipita bila kanuni kutimizwa. Ikiwa kanuni iliyowekewa tarehe na Mahakama imekwama, ile isiyo na tarehe inahitaji uangalizi mkubwa zaidi. Sheria ya mwaka 2003 nayo ilingoja hadi Mei 2025 kabla sheria mpya haijatiwa saini kuchukua nafasi yake. Kuvunjika moyo hakukukoma mwaka 2010. Kulibadilika sura tu.

6.0 Kuitwa kwa heshima: suala la ngeli na suala la jamii

Ibara ya 54 inaanza kwa haki ambayo mwanaisimu hawezi kuipita: haki ya kutajwa kwa namna isiyodunisha. Katika Kiswahili mjadala huu hujikita mara nyingi katika ngeli. Hudaiwa kwamba maneno kama kipofu, kiziwi na kiwete yanadunisha kwa kuwa yana kiambishi cha ngeli ya vitu. Hoja hiyo, ikiachwa peke yake, ni dhaifu. Kiongozi, kijana na kinyozi wamo katika umbo hilohilo na hakuna anayewaona wamedunishwa. Tena upatanisho sanifu wa maneno yote hayo ni wa viumbe hai.

Nguvu ya hoja iko kwingine, yaani katika historia ya matumizi. Neno "zeruzeru" halina kiambishi cha ki-, lakini limebeba masimulizi yaliyowagharimu watu maisha yao, na ndiyo maana "mtu mwenye ualbino" limepata nafasi katika lugha ya umma. Kwa upande mwingine, viziwi wa Tanzania wamelihifadhi neno lao katika jina la chama chao, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kwa sababu kwao uziwi ni pia utambulisho wa kilugha. Kanuni inayofaa kwa mtunga sera, basi, si kufuta maneno kwa kufuata umbo lake, bali kuwauliza wanaoitwa.

Suala la pili ni la istilahi. Kenya husema lugha ya ishara, Tanzania lugha ya alama. Kenya husema breli, Tanzania maandishi ya nukta nundu. Utajiri huu si kosa. Lakini hati za kikanda zinapotafsiriwa, msomaji anaweza kudhani zinazungumzia mambo mawili. Kamusi na vyombo vya Kiswahili vya kanda vina wajibu wa kuziorodhesha istilahi hizi bega kwa bega.

La tatu linatugusa zaidi. Katika mitihani ya taifa ya Kenya mwanafunzi kiziwi amepewa nafasi ya kutahiniwa katika Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Ni nafuu ya haki, kwa kuwa inamwondolea mtihani uliotungwa kwa kumfikiria mtoto anayesikia. Lakini neno "badala ya" linatuachia swali. Kiswahili ni lugha ya taifa, lugha ya mabango, ya magazeti na ya jirani. Je, mtoto kiziwi atakutana wapi na Kiswahili cha maandishi, kikifundishwa kwa mbinu za lugha ya pili, huku Lugha ya Ishara ikiwa ndiyo ya kufundishia? Swali hilo haliwezi kujibiwa na wataalamu wa elimu maalumu peke yao. Ni la idara za Kiswahili.

7.0 Maana yake kwa nchi jirani

Hapa Uganda ushindi ulitangulia. Katiba ya 1995 inaitaka dola, katika malengo yake ya kitaifa, ikuze lugha ya ishara kwa viziwi, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni. Watu wenye ulemavu wana viti vitano vya uwakilishi. Hata hivyo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006 ilionekana kukosa meno, na ilibidi nafasi yake ichukuliwe na ile ya 2020. Uganda inatufunza kwamba anayeshinda mapema naye ana miaka yake ya kungoja. Tofauti ni kwamba yeye hungoja akiwa ndani.

Tanzania iko katika hali inayofanana zaidi na ya Kenya ya 2005. Bunge Maalum lilipitisha Katiba Inayopendekezwa mnamo Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, wala haijafanyika. Matarajio ya watu wenye ulemavu yaliahirishwa pamoja nayo. Lakini viwanja vingine havikufungwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Novemba 2009, na ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Barani, Itifaki ya Afrika ya haki za watu wenye ulemavu ilipitishwa 2018 na kuanza kutumika 2024. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo ni wanachama wa Mkataba.

Kwa washauri wa sera, historia ya Kenya inapendekeza mambo matatu. Kwanza, mchakato mkubwa unapokwama, kila kifungu kilichokwisha kukubaliwa kihifadhiwe kwa maneno yake kamili, pamoja na kumbukumbu ya waliokikubali, kwa kuwa mchakato ujao utaanzia hapo. Pili, haki ya aina moja isitegemee chombo kimoja. Kanuni za wizara, mtaala na mkataba vibebe sehemu yake wakati katiba inangojwa. Tatu, fedha za utafiti wa lugha za ishara na mafunzo ya wakalimani zisifungwe na kalenda ya siasa. Kazi hiyo ndiyo inayoamua kama kifungu kikipita kitakuwa na wa kukitekeleza.

8.0 Hitimisho

Husemwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Wengi waliamini hivyo baada ya Novemba 2005, na kwa rasimu ile kama rasimu walikuwa sahihi. Kilichookoa haki za watu wenye ulemavu ni kwamba maji hayakuwa yote katika mtungi mmoja. Sehemu ilikuwa katika sheria, sehemu katika mkataba uliokuwa ukiandikwa mbali, sehemu katika madaftari ya watafiti na mikono ya viziwi wenyewe, ambao walikuwa wameitunza lugha yao tangu siku za mabweni, wakati hakuna katiba iliyoijua.

Taaluma ya Kiswahili inaweza kuchukua nafasi yake katika kazi hiyo bila kungoja kura ya nchi yoyote. Kazi zetu zinaweza kutolewa kwa breli. Mikutano yetu inaweza kuwa na wakalimani wa lugha ya ishara ya nchi mwenyeji. Idara zetu zinaweza kumpokea mwanafunzi kiziwi anayetaka kusoma Kiswahili. Haya yako ndani ya bajeti na mamlaka yetu sisi wenyewe. Yakifanyika sasa, mlango wa kisiasa utakapofunguka tena, katika nchi yoyote ya kanda hii, hautawakuta wanaohusika wakianza kufunga virago.